Anatumia Sembe, Dona Hataki

Mwezi uliopita tulipanda Matombo kuanua tanga la Mama Mkubwa, na nikikuambia kwamba watu walicheka msibani usinishangae. Walicheka! Walicheka mpaka shemeji yetu mmoja akamwaga uji wake. Tulikuwa jikoni, wanawake tunamenya ndizi, wanaume wamejazana mlangoni kwa kisingizio cha kuota moto, na kama kawaida mtu mmoja akasema, "Hebu tuelezeni ile ya sembe." Na mimi kama kawaida nikasimama na mwiko mkononi, nikaigiza sauti ya marehemu, nikamwigiza daktari, nikamwigiza hadi mgonjwa kitandani. Ukoo mzima unaijua hadithi hiyo. Watoto waliozaliwa juzi wanaijua. Ila nilipokaa chini nikamwona kaka Deo, mtoto wa huyo huyo Mama Mkubwa, ananiangalia kutoka mlangoni, mvi zimemjaa, anatabasamu tu, nikakumbuka kwamba miaka yote hii nimekuwa nasimulia nusu ile ya kuchekesha. Nusu ya pili sijawahi kumsimulia mtu. Baadaye tulipokuwa tunashuka barabarani nikamuuliza kama naweza kuiandika yote. Akasema, "Andika, Skola. Na jina langu weka." Basi naandika.

Mwaka yalipotokea hayo nilikuwa na miaka ishirini na moja, ndio kwanza nimeingia chuo pale Mazimbu, na nilikuwa naishi kwa Deo, Mwembesongo, Morogoro, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita na ua mmoja. Deo alikuwa na vyumba viwili. Kimoja tulilala mimi na magunia, kingine alilala yeye na mizani. Alikuwa mfanyabiashara wa viungo: mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, vyote anavishusha kutoka Matombo kwa pikapu yake na kuvipeleka Kariakoo. Jamani, harufu ya nyumba ile! Mpaka daftari zangu za chuo zilinukia pilau, wenzangu darasani wakawa wananiita Binti Viungo. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo maneno yalipita juu ya kuta kama yanavyotaka. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita wanakupa pole. Nilijua nani kanuniwa na mumewe, nani anasali rozari, nani anaomba chumvi kwa jirani akijifanya imemwishia jana. Sijawahi kuishi mahali penye uhai kama pale.

Na uhai wenyewe ulikuwa ni Deo. Akirudi kutoka Dar alikuwa anaingia uani kwa kelele, anabeba watoto wa watu juujuu, anapika pilau Jumanne bila sikukuu yoyote, anaita vyumba vyote sita waje na sahani. Alikuwa anaongea! Anaanza na bei ya karafuu, anahamia kwenye mpira, anamalizia na mpango wa kujenga kiwanda cha kusaga viungo pale pale Mwembesongo, kiajiri wanawake watupu, mimi niwe meneja. Aliweza kupakia pakiti za mdalasini tangu adhuhuri ya leo mpaka asubuhi ya kesho, bila kukaa, redio ikiwaka, halafu akaoga na kusema, "Mdogo wangu, maisha ni mzuka!" Nami nilimwamini. Nakiri hapa kwamba nilikuwa nampenda Deo yule kuliko Deo yeyote mwingine niliyemjua. Zile siku alizolala kutwa, amejifunika shuka gubigubi, hataki chakula wala salamu, nilizihesabu ni uchovu wa safari. Na yale mafua yake yasiyoisha, pua inamchuruzika na wakati mwingine inatoa damu, alikuwa na jibu lake tayari: "Pilipili manga hiyo, Skola. Ukiisaga wewe utaota ndevu." Tukacheka. Nani angemshuku muuza pilipili kwa sababu anapenga kamasi?

Siku moja natafuta gundi ya kubandikia pakiti, nikafungua kopo la iliki juu ya kabati. Ndani kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa vizuri, na ndani ya kikaratasi unga mweupe. Nikafanya ujinga ambao leo naukemea kwa wanangu: nikauonja. Ulimi ukafa ganzi, fizi nazo zikafa ganzi, moyo ukanilipuka kwa hofu. Deo akanikuta nimesimama hivyo hivyo, mdomo wazi. Hakukasirika hata kidogo. Alifunga mlango, akaninong'oneza kwamba ni kokeni, akiitaja kama mtu anayetaja chumvi, kwamba anapewa na jamaa zake wa Dar wenye hela zao, na kwamba nipunguze sauti maana nyumba haina dari.

"Kaka, umekuwa teja?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akajishika tumbo. "Teja? Mimi? Mateja si unawaona pale stendi? Wamepinda, udenda unawatoka, wanasinzia wamesimama. Umewahi kuniona nasinzia?"

Sikuwahi. Na hilo ndilo lililonimaliza. Kichwani mwangu, kama kichwani mwa kila mtu mtaani, mtu wa madawa alikuwa ni yule anayesinzia kijiweni kwa sababu ya heroini. Deo alikuwa anacheza! Deo alikuwa anafanya kazi ya watu watatu! Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kuna ugonjwa unaokuja umechangamka, unapika pilau na kualika majirani. Akaniapisha kwa jina la Bikira Maria kwamba sitamwambia mtu, hasa mama yake, nikaapa. Kuanzia siku hiyo kila nilipomsikia anacheka uani nilikuwa nasikiliza kicheko chake kwa sikio jingine, nikijaribu kujua ni chake au ni cha kopo la iliki.

Masika ilipokolea Mama Mkubwa akashuka kutoka Matombo kutusalimia, na mikungu miwili ya ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Akakuta mwanawe amekonda. Alimpikia ugali mkubwa, Deo akausukuma. Akampikia tena, akausukuma tena. Kumbe safari hii Deo alikuwa amerudi kutoka Dar na mzigo mkubwa kuliko kawaida, na alikuwa anautumia kwa siku ya pili mfululizo akishushia na pombe kali. Jumamosi kama saa nne asubuhi akaanza kuzunguka uani anaongea peke yake, jasho linamtiririka kama amemwagiwa ndoo. Akasema kuna watu juu ya bati wanamsikiliza. Akafunga madirisha yote, akayafungua, akayafunga tena. Halafu akakaa ghafla kwenye kigoda, akajishika kifua, akasema, "Mama, kuna kitu kimenikalia hapa." Nilipomshika shingo niliondoa mkono haraka, alikuwa anaunguza.

"Malaria hiyo, imempanda kichwani," akasema Mama Rehema, jirani yetu wa chumba cha tatu, na ua mzima ukaafiki. Sisi watu wa Morogoro wa wakati ule, mtu akipata joto na kuweweseka, jina la ugonjwa lilikuwa moja tu. Wakamvalisha sweta na kumzungushia blanketi ili homa itoke. Mtu aliyekuwa anachemka kwa ndani, tunamfunika! Nami nilijua, nikamfunika pamoja nao. Mume wa Mama Rehema akaendesha ile pikapu mpaka hospitali, sisi nyuma tumemshika asiruke.

Hospitalini tulimkuta daktari mdogo wa kike, anaitwa Mwanaidi, Kiswahili chake cha Tanga kimenyooka hasa. Damu ikachukuliwa kwenda maabara, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa na joto kali na anaweweseka, nesi akaanza kuandaa dripu ya kwinini wakati majibu yanasubiriwa. Wodi ilikuwa imejaa watu waliokuja kuona wagonjwa. Daktari akamulika macho ya Deo kwa tochi, akamulika tena, akaguna. Mboni zilikuwa zimetanuka na hazitaki kusinyaa. Akamgeukia Mama Mkubwa, na hapa ndipo inapoanza ile nusu inayopendwa na ukoo.

"Mama, samahani, nakuuliza kama mwanao. Huyu kijana anatumia unga?"

"Anatumia, mwanangu," akasema Mama Mkubwa bila kusita. "Anatumia sembe. Dona hataki kabisa."

Daktari akameza mate. "Tangu lini?"

"Tangu nilipomwachisha ziwa!"

"Kwa siku anatumia mara ngapi?"

"Mchana na usiku. Asubuhi nampa wa uji."

"Na leo ametumia?"

"Leo? Thubutu! Siku tatu hizi namsongea, anausukuma tu. Yaani ugonjwa wenyewe ndipo ulipoanzia, alipoacha sembe."

Loh! Nesi ndiye aliyeanza. Akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Kitanda cha pili wakapokea, cha tatu wakapokea, hadi bibi mmoja aliyekuwa amefungwa plasta ya mguu alikuwa anafuta machozi. Maana mtaani neno sembe lilikuwa na maana ile ile nyingine ya unga, yaani madawa, na kila aliyekuwa mle ndani alilijua hilo isipokuwa Mama Mkubwa, aliyekuwa anatazama huku na huku akiuliza, "Kwani nimesema nini?" Daktari mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka, akamshika Mama bega. "Haya Mama, nimekuelewa," akasema, na akampa nesi ishara aendelee na dripu.

Ukoo ukifika hapo hushangilia, na mimi hukaa chini. Ninachokiruka ni kwamba nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nacheka na wao. Ndiyo, nilicheka, na nilifurahi! Nilifurahi kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa, limejibiwa, na limepita, na kiapo changu kilikuwa salama. Nikaiona sindano ya dripu inatafuta mshipa mkononi mwa Deo. Nikakiona kifua chake kinavyopiga, shati linarukaruka. Sikujua lolote kuhusu kwinini. Nilichojua ni kwamba wanamtibu mtu ambaye hayupo pale kitandani, mgonjwa wa malaria ambaye sisi ndio tulimtunga, na kwamba Deo halisi anaweza kufa huku watu wanacheka. Nikasema, "Daktari," kicheko kikanimeza. Nikapiga kelele: "Daktari! Siyo sembe ya ugali! Ni ile nyingine! Ni kokeni, ametumia tangu juzi, na pombe kali juu yake!"

Kicheko kilikatika pale pale. Mkono wa nesi ukasimama. Na Deo, ambaye tulidhani hasikii, akainua kichwa akanitazama kwa yale macho meusi matupu, akasema, "Skola. Umeniua."

Daktari Mwanaidi hakunitazama hata kidogo. "Ondoa dripu hiyo. Mvueni blanketi, mvueni sweta, leteni maji na feni. Dayazepamu, sasa hivi. Na ile mashine ya kupima moyo." Aliongea haraka, na kila kitu kikaanza kukimbia. Nyaya zikabandikwa kifuani, mashine ikatema karatasi yake, vitambaa vibichi vikawekwa kwapani na shingoni, dawa ya kutuliza ikaingia polepole, na mimi nikawa napepea kwa kipande cha boksi kama mchoma mahindi. Saa nzima! Hatimaye nikaliona shati limetulia. Nikakaa sakafuni nikalia. Majibu ya maabara yalipokuja, hakuna mdudu hata mmoja wa malaria. Daktari akachuchumaa mbele yangu akanieleza taratibu kwamba kokeni inaubana moyo na kuukimbiza kwa wakati mmoja, pombe inazidisha balaa, na kwinini nayo ni dawa inayogusa moyo; viwili hivyo vikikutana kwenye kifua kilichochoka, hakuna ajuaye kitakachotokea. "Umefanya vizuri kusema," akaniambia. Nikamuuliza kama polisi watakuja. Akasema, "Hapa ni hospitali, mdogo wangu. Mimi nina mgonjwa."

Mgonjwa! Sijui kama naweza kukueleza neno hilo lilivyonigonga. Nilikuwa na maneno mengi tayari kichwani: teja, mhuni, aibu ya ukoo. Hilo sikuwa nalo. Deo alilala siku mbili mfululizo, akaamka akala kama watu wanne, halafu akageukia ukutani na kuanza kulia kilio kisicho na sababu. Daktari akasema hayo pia ni ugonjwa, ubongo uliozoeshwa furaha ya kuazima ukinyimwa unaona dunia nzima imezimwa taa, na hapo ndipo wengi wanairudia. Mama Mkubwa akamuuliza swali lake kwa sauti, wodi nzima inasikia: "Mwanangu daktari, hii ni dhambi au ni ugonjwa?" Akajibiwa, "Dhambi kamuulize padri, Mama. Mimi nimeona moyo unakimbia na kichwa kinachohitaji matibabu ya muda mrefu." Mama akafikiri, akasema, "Basi kama ni mgonjwa, ale." Ila alikuwa bado hajaelewa yote, maana tuliporudi nyumbani alibeba debe letu la unga mpaka kwa mwenye mashine ya kusaga, akamwambia mbele ya wateja wake kwamba anawawekea watu madawa kwenye sembe. Ilibidi niende kumvuta, namwomba radhi yule baba, nusu nakufa kwa aibu na nusu nakufa kwa kicheko. Mwezi mzima tulikula ndizi.

Deo hakunisemesha wiki sita. Wiki sita ndani ya nyumba isiyo na dari! Ananipitia mlangoni kama anapita gunia. Nilikuwa namsikia juu ya ukuta anageuka kitandani, anasonya, anaongea na Mungu, na mara moja nilimsikia anasema jina langu na tusi. Iliniuma sana. Daktari alikuwa amempangia kwenda kuongea naye kila Alhamisi, chumba namba saba, maana kokeni haina kidonge cha kuiondoa. Hata leo, wenzao wa heroini wanakunywa dawa yao kliniki asubuhi, wa kokeni tegemeo lao kubwa ni maongezi, watu na muda. Na Deo alikuwa anakwenda! Kila Alhamisi anavaa shati la mikono mirefu anaondoka. Nilikuwa nashangilia moyoni kama nimeshinda mimi. Mpaka nilipokutana na Daktari Mwanaidi sokoni, akaniuliza mbona kaka yako hajaonekana hata mara moja tangu aruhusiwe. Nilirudi mbio. Nikavuta droo ya meza ya Deo, nikakuta dawa za malaria, pakiti kwa pakiti, hazijafunguliwa. Kumbe kila Alhamisi alikuwa anafika dirishani pa mapokezi, karani anamuuliza anaumwa nini, foleni nzima nyuma yake inasikiliza, naye anasema malaria. Wanampeleka chumba cha malaria.

Na kopo la iliki lilikuwa na kikaratasi kipya. Hapo nilichemka! Nikamsubiri uani nikamwambia yote, kwa sauti, vyumba sita wakisikia, kwamba nimechoka, kwamba moyo wake hauna spea, na safari ijayo nitacheza ngoma matangani. Mama Mkubwa akanivuta ndani. Yeye alishafika mbali kuliko mimi. "Mtu wa pumu akibanwa tena," akasema, "unamtukana?" Akatoka na sahani ya ndizi za nazi, akamkalisha Deo kwenye kigoda, akakaa mbele yake mpaka alipomaliza. Kupitia ukutani nikamsikia Deo anasema, mara ya kwanza, kwa sauti ndogo, "Mama, siwezi kuiacha. Nataka, siwezi." Nikasahau hasira zote.

Alhamisi iliyofuata aligonga mlango wangu, amevaa lile shati. "Twende," akasema. Wiki sita na neno ni hilo moja, nikalipokea kama zawadi. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na watoto wa homa, wazee wa presha, mtu mmoja na jipu lake. Tukasogea, tukasogea, tukafika dirishani. Karani hakuinua hata uso.

"Jina?"

Akataja.

"Unasumbuliwa na nini?"

Nilitaka kumsemea. Wallahi maneno yalikuwa ulimini, na nikaung'ata ulimi mpaka nikasikia chumvi. Nyuma yetu mama mmoja akasema, "Jamani, tuna watoto huku." Deo akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Kokeni," akasema. Halafu akasema tena, kwa nguvu, foleni nzima ikageuka: "Natumia kokeni. Naumwa. Usiandike malaria."

Karani akasimamisha kalamu. Nikajiandaa kwa tusi, kwa mguno, kwa lolote.

"Kokeni inaandikwaje?" akauliza.

"Hata mimi sijui," akasema Deo, machozi yanamtoka. "Andika unavyosikia."

Akaandika. Akagonga muhuri, akasukuma kadi nje ya dirisha, akasema chumba namba saba, mkono wa kushoto, na kabla hatujageuka alikuwa ameshaita, "Anayefuata!"